Hatua ya Tatu ya Fundi

Mchezo wetu umetolewa upya, na tangu hapo watu wa Kamembe, mji wetu kando ya ziwa Kivu, wananipongeza barabarani. Mwenye duka la simu alinishika mkono mbele ya wateja wake. Mwalimu mmoja wa Gihundwe alisimamisha moto, pikipiki ya abiria aliyopanda, ili anieleze kwamba wanafunzi wake wanaucheza wakati wa mapumziko na kwamba picha zake zinang'aa kama za wazungu. Huwa nasema asante. Nimejizoeza kusema asante huku nimeuma meno, na mpaka sasa hakuna aliyeona tofauti.

Ni mchezo wa kupigana, mwepesi kabisa. Watu wawili wanasimama kwenye kioo, mmoja kulia na mwingine kushoto, wanapigana mpaka mmoja aanguke au muda uishe. Kitufe kimoja cha ngumi, kimoja cha teke, viwili vya kwenda mbele na kurudi nyuma. Basi. Tuliutengeneza mimi na rafiki yangu tukiwa vijana wa sekondari, kabla simu hazijawa na vioo vya kugusa. Nitaueleza kama ulivyokuwa, kwa sababu siku hizi unaelezwa vingine na watu ambao hawakuwepo.

Familia ya rafiki yangu ilikuwa imerudi kutoka Bukavu, alikozaliwa yeye, na mjomba wake alikuwa na chumba chenye kompyuta nne karibu na soko, mahali pa kuchapia barua na maombi ya kazi. Alasiri wateja wakipungua, tuliachiwa mashine moja. Rafiki yangu alijua kuiamuru. Mimi nilijua kuchora, na sikujua kitu kingine chochote. Hata leo kazi yangu ni kuandika vibao vya maduka kwa rangi na brashi, kazi ambayo mashine za kuchapa mabango zinaimaliza taratibu.

Karatasi nilizipata kwa baba. Baba alikuwa fundi cherehani, ameketi miaka yote kwenye baraza ya duka la vitambaa, na vipimo vya wateja wake aliviandika katika madaftari ya hesabu, yale yenye miraba midogo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake: kifua, bega, mkono, kiuno. Upande wa nyuma wa kila karatasi aliuacha mtupu kwa sababu wino ulikuwa unapenya. Nilimwomba huo upande wa nyuma, akanipa, kwa sharti kwamba nisiguse vipimo vya mtu. Basi nikawa nachora wapiganaji wetu kwa kujaza miraba, mraba mmoja wa daftari kwa nukta moja ya kioo. Halafu nilikaa ubavuni kwa rafiki yangu nikimsomea mstari kwa mstari, nyeupe, nyeupe, nyeusi, nyekundu, naye akiingiza namba. Picha moja ilitula siku mbili. Tulikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwenye kazi yoyote.

Wapiganaji walikuwa watu wa hapa hapa. Mchinja nyama. Mama muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, anayepiga kwa beseni. Mbeba magunia wa kinu cha mpunga cha Bugarama, mpole lakini akikukumbatia umekwisha. Dereva wa moto asiyevua kofia yake ya chuma. Na wa tano alikuwa fundi mwenye utepe wa kupimia shingoni, na huyo alikuwa baba yangu.

Nyumbani kwetu hapakuwa na picha ukutani. Baba aliamini kwamba uso wa mtu si kitu cha kuchorwa, na hakupenda kupigwa picha isipokuwa pale ofisi za serikali zilipomlazimisha. Kwa hiyo nilipomchora niliiacha miraba ya uso nyeupe. Nilimpa kofia yake ya kufuma, utepe wake, kanzu fupi ya kazini, na chini ya kofia hakukuwa na kitu. Niliona nimepata njia ya kumchora bila kumkosea. Nilikuwa na akili sana wakati huo.

Kilichomfanya awe yeye ni mwendo. Miaka mingi ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemharibu mguu mmoja, au tuseme ilikuwa imeufundisha. Alipotembea, kila hatua ya tatu ule mguu ulikanyaga chini kwanza, kama unatafuta pedali, mwili wote ukashuka kidogo, kisha akainuka na kuanza upya kwa mguu ule ule. Nilichora mwendo wake kwa picha sita, mbili kwa kila hatua, na kwenye zile za hatua ya tatu nilimshusha mraba mmoja. Hatukujua kwamba mraba huo mmoja ungeleta maneno. Ngumi zote za mchezo wetu zilikuwa za kichwani, zimepangwa kwa urefu mmoja. Fundi aliposhuka kwenye hatua ya tatu, ngumi ilimpita juu ya kofia. Ukijua kuhesabu hatua zake ulikuwa hupigwi ngumi. Chumba cha mjomba kikajaa vijana wanaohesabu, na wengine walivuka mpaka kutoka Bukavu kuja kumcheza mzee asiye na uso.

Siku moja baba alikuja kunitafuta twende msikitini kuswali Alasiri. Alisimama mlangoni, na kwenye kioo alikuwa anatembea yeye. Aliangalia pambano mpaka likaisha, mikono nyuma, kisha akaniuliza, "Uso hukuweka?"

Nikamwambia sikuweka.

"Ulifanya muzuri," akasema, akageuka aende zake.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hapo hapo mlangoni ule mguu ukakanyaga, mwili ukashuka, sawa kabisa na kwenye kioo. Kijana mmoja nyuma yangu akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Mimi pia nilicheka, kidogo. Baba alisikia. Nilimwona akikaza mgongo, na hatua zilizofuata akazitembea kwa nguvu, sawasawa, kama mtu anayevuka mtaro juu ya ubao. Tangu siku hiyo kila alipopita mbele ya chumba kile alijinyoosha hivyo hivyo mpaka avuke kona. Nilimwona mara nyingi kupitia dirishani. Sikumwomba msamaha, wala yeye hakunitajia jambo hilo.

Miaka michache baadaye aliugua na kufariki, na hakukawia kitandani. Baada ya arobaini mama alitoa madaftari yote kabatini. Alisema vipimo vya mtu ni amana: aliyepimwa alimwamini fundi na mwili wake, na fundi akiondoka kila mmoja arudishiwe ukurasa wake. Baba mwenyewe aliusia hivyo. Tukakaa sebuleni, mimi na dada zangu, tukikata kurasa kwa wembe, na kwa wiki mbili tulizunguka Kamembe, Gihundwe hadi Mururu tukigonga milango. Watu walipokea karatasi kwa mikono miwili, wengine wakalia. Nyuma ya karatasi hizo zilikuwepo picha zangu. Mchinja nyama alikwenda kwa mama mmoja wa shule, mbeba magunia kwa karani mmoja. Zile picha sita za mwendo wa baba zilikwenda kwenye nyumba sita tofauti. Niliziona zikienda na sikufikiri kitu, kwa sababu zilikuwa ndani ya mashine, na nilidhani mashine haisahau.

Mama ndiye aliyenikumbusha. Siku moja aliniuliza kama ni kweli kwamba katika ule mchezo wetu baba yupo na anatembea. Alikuwa amesikia kwa wanawake wa soko. Nikampeleka kwa mjomba wa rafiki yangu mchana, wakati hakuna watu, nikamweka kwenye kiti. Nilichagua fundi upande wangu na mama wa sambaza upande wa pili, ambaye vitufe vyake havikushikwa na mtu, akabaki amesimama tu na beseni lake. Mama hakujali beseni. Alimwangalia fundi akienda mpaka pembeni ya kioo, akigeuka, akirudi. Kwenye hatua ya tatu aliweka kiganja mdomoni.

"Njo yeye," akasema, amemtambua. "Usimupige."

Hakuwahi kupigwa. Mjomba alipofunga chumba chake alitupatia ile kompyuta moja, nikaiweka sebuleni kwetu, na kwa miaka mingi mama alikuwa akiniita, si kila siku, labda mara moja kwa wiki, baada ya Alasiri. Nilimtembeza baba kwenda na kurudi mpaka muda wa pambano uishe. Mama alikaa na vitunguu vyake au mchele wa kuchambua, akitupa jicho. Lilikuwa jambo la ajabu kidogo, najua, na dada yangu mkubwa alikuwa akiondoka sebuleni tukilianza. Kwa mama lilikuwa kama kumsikia mtu uani.

Kompyuta ikazeeka kuliko sisi. Ikaanza kupiga kelele ndani, ikachukua nusu saa kuwaka, na siku nyingine haikuwaka kabisa. Fundi wa kompyuta aliisikiliza akaniambia kuwa diski inakufa, kwamba pengine itakubali kusomwa mara moja zaidi na mtu mwenye vifaa vya kutosha, na kwamba nisithubutu kuihangaisha. Nilitafuta nakala kwa wote waliocheza zamani. CD zilikuwa zimekwaruzika, zingine zimetundikwa mashambani kufukuza ndege wasile mpunga. Mama aliendelea kuniita baada ya Alasiri, nami nikawa nasingizia umeme.

Ndipo rafiki yangu akapiga simu kutoka Kigali. Sasa ana ofisi, ana vijana wanaochora kwa kalamu za kompyuta, na alikuwa na mpango wa kuutoa mchezo wetu upya, ule ule, mwepesi vile vile, ila kwa picha za kisasa. Alihitaji mafaili ya zamani. Nilimweleza habari ya diski, na nilimweleza habari ya mama. Sikumficha kitu. Nilimwambia mengine yote afanye anavyotaka, lakini fundi atembee. Hiyo tu. Watu huniuliza kama tuliandikiana, kama nilidai fungu langu, sikudai. Nilidai mwendo.

"Ndugu yangu, usiogope," aliniambia. "Mzee atatembea kuliko zamani. Maman ataona hata kivuli yake."

Nikafungua kompyuta, nikaitoa diski, nikaifunga kwenye kipande cha kitenge cha mama na kuipeleka kwenye basi la asubuhi. Mama alisimama mlangoni akiangalia kitenge chake kinavyokwenda. Aliniuliza kama itachukua muda. Nikamwambia miezi michache. Ilichukua mwaka na zaidi, na katika muda huo mama alianza kuumwa kiuno, akawa anatembea kwa kushika ukuta.

Mchezo ulipotoka nilikopa simu kubwa ya dada yangu, yenye kioo kipana. Nilimwandalia mama mto, nikamwekea chai. Lilianza ziwa, buluu ambayo Kivu haijawahi kuwa nayo tangu iumbwe, na nyuma yake milima yenye theluji. Theluji, jamani, juu ya Kamembe. Mama wa sambaza amekuwa binti mwenye kiuno cha nyigu, na beseni lake linatoa moto. Nilicheka, kwa sababu mpaka hapo bado nilikuwa na moyo wa kucheka. Nikamtafuta fundi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, amevimba kifua, ana mkasi mrefu mkononi na utepe unaowaka shingoni. Kofia ya kufuma wameitoa, wameweka ile inayoshonewa kwenye ukosi wa koti. Na wamempa uso. Uso mzuri, wenye taya, usio wa mtu yeyote.

Nikambonyeza aende mbele. Akaenda. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Mwendo laini, mgongo umenyooka, mguu ukifuata mguu. Nikamrudisha. Nikampeleka tena, nikidhani labda nimehesabu vibaya. Mama aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakifunika, akakipangusa kwa upande wa mtandio, akaangalia tena. Alikuwa mpole sana.

"Ni kijana wa muzuri," akasema. "Papa yako iko anakuja nyuma yake?"

Nilimpigia rafiki yangu kesho yake. Sikupiga kelele, na hilo najilaumu. Alinieleza kwa subira kama mtu anayemweleza mzee wa kijijini. Wachezaji wa leo wanataka haki, alisema, na mpiganaji anayekwepa ngumi kwa kutembea tu wangesema ni wizi. Kwa hiyo wapiganaji wote watano wamepewa kiwiliwili kimoja, urefu mmoja na mwendo mmoja, na kinachobadilika ni nguo na uso. Baba yangu hakuwahi kumshonea mtu kwa kipimo cha jirani yake. Mteja akija na haraka akimwambia amkatie kama za fulani, alimrudishia kitambaa. Nikataka kumwambia hilo, nikaona halitaingia.

"Na tena," akasema, "muntu mwenye kuchechemea, bantu bangesema tunacheka bilema. Weye mwenyewe unajua vile bale batoto balikuaka banacheka."

Alikuwa anataja kicheko cha vijana siku ile baba aliposimama mlangoni. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, maana siku ile tulikuwa tumekaa kiti kimoja. Nikamwomba tu picha za zamani, aniletee hata zile sita za mwendo. Nikasikia akimwuliza mtu ofisini, kisha akarudi. Vijana wake walikuwa wamechora juu yake. Walifungua kila picha ya zamani, wakachora mpya hapo hapo juu ya ile ya chini, wakahifadhi kwa jina lile lile. Diski yenyewe ilikubali kusomwa mara moja kama tulivyoonywa, kisha ikanyamaza. Alisema pole. Nafikiri alikuwa anamaanisha. Siku hiyo hiyo jioni alinitumia ujumbe kuniomba niupe mchezo nyota tano.

Nikanunua daftari la hesabu lenye miraba midogo. Nilijiambia kwamba mkono wangu ndio uliomchora mara ya kwanza, basi utamchora tena, na kijana yeyote wa Gihundwe anayejua kompyuta ataweza kumtembeza. Nilikaa sebuleni na kalamu. Kofia ilikuja bila taabu, na utepe, na kanzu. Nilipofika kwenye hatua ya tatu nikasimama. Ulikuwa mguu upi?

Nikamwuliza mama. Akasema wa kuume. Halafu akasema hapana, wa kushoto. Nami nikajikuta nikimwambia vivyo hivyo, kuume, hapana, kushoto. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa roho iliniuma zaidi ya siku ya theluji. Mashine ile ya zamani haikuwa na picha za kwenda na za kurudi. Ilikuwa na zile sita tu, na fundi alipogeuka, iliipindua picha nzima kama nguo inayogeuzwa ndani nje. Akienda alikanyaga kwa mguu mmoja, akirudi alikanyaga kwa mwingine. Miaka yote ile, baada ya kila Alasiri, tulikuwa tunaangalia kioo na kumsahau mtu.

Mama aliweka ungo chini. Akasema subiri, akainuka kwa kushika kiti, akaanza kutembea sebuleni, kutoka mlangoni mpaka kabatini, ili anionyeshe. Mwanamke mzima, mtandio umemwangukia mabegani, akitembea mwendo wa mume wake. Moja, mbili, na kwenye ya tatu akakanyaga na kushuka. Nikajaza miraba haraka. Akageuka akarudi. Mara ya pili alishuka kwenye hatua ya pili. Mara ya tatu alishuka kila hatua, na mkono wake ukatafuta ukuta, akasimama ameshika kabati.

"Acha," akasema. "Hii ni kiuno yangu njo inatembea. Haiko yeye."

Nikamsaidia kukaa. Akavuta pumzi kwanza, akarudisha mtandio kichwani. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, kwamba mwishoni mwishoni baba alikanyaga hivyo nyumbani tu. Akitoka kwenda barabarani alijikaza akatembea sawa, na usiku mguu ulikuwa ukimuuma mpaka mama amkande kwa maji ya chumvi.

"Sijui nani alimuchekaka," akasema. "Weye ulikuaka unamuona kila siku kule sokoni. Fumba macho, utaona muguu yenyewe."

Nikafumba macho, kwa kuwa aliniomba. Nilimwona vizuri, wazi kuliko kioo chochote, kupitia dirisha la chumba cha mjomba, kofia yake, utepe wake, mikono nyuma. Alikuwa anapita mbele yetu amenyoosha mgongo, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, laini, mguu ukifuata mguu, hivyo hivyo kama walivyomchora. Nikabaki nimefumba macho, mama akisubiri nimwambie ni upi.